Elementi Tatu za Kwenda Sumbawanga

Picha ilinifikia usiku, nikifunga kibanda changu cha kazi pale Gerezani. Mama mdogo alikuwa ameipiga juu ya kitambaa cha meza: kopo refu la chuma cha pua limefunguliwa, na ndani yake elementi tatu zimepinda kama vidole vya mgonjwa wa baridi yabisi. Moja imepasuka ubavuni, unga mweupe unamwagika. Chini yake aliandika: "Mwanangu, hii ndiyo hita ya kisima chetu cha ubatizo. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu wanabatizwa watu kumi na mmoja, na mmoja ni bibi wa miaka themanini. Maji ya Julai ya huku wewe unayasikia tu. Tumeambiwa vifaa vyake Tanzania hakuna."

Mimi ni mtu wa Tanga, na riziki yangu naipata Dar es Salaam kwa kutengeneza majokofu, viyoyozi na hita za maji. Ni Mwislamu. Mama mdogo alibadili dini alipoolewa Sumbawanga, mimi sijaanza hata shule. Kwetu jambo lile lilisemwa, likaliliwa, likaisha. Yeye ndiye aliyenilipia ada ya chuo cha ufundi. Akinituma, naenda. Ila Sumbawanga nilikuwa sijafika.

Usiku ule sikulala mapema, maana hita yenyewe ilinishangaza. Si ile ya kuogea tuliyoizoea. Ni hita ya bwawa la kuogelea, iliyoletwa zamani na wageni wa kanisa rafiki la ng'ambo. Haina tangi: pampu huvuta maji kisimani, huyapitisha kwenye kopo lenye elementi, huyarudisha kisimani yakiwa na joto kidogo zaidi, mzunguko hadi mzunguko. Elementi yenyewe haina siri. Ni waya wa nikeli na kromi uliosokotwa kama springi, ukalazwa katikati ya kijibomba cha chuma, kisha ukazungushiwa unga wa magnesia uliosindiliwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Unga huo hupitisha joto lakini huzuia umeme. Ndio ule uliokuwa unamwagika pichani.

Niliulizia elementi za asili. Bei niliyotajiwa kwa moja ilizidi shilingi laki nne, mbali na usafiri na ushuru, na kanisa lilikuwa limechanga laki moja na elfu themanini kwa kazi nzima. Nikajiuliza kwa nini ziwe ghali hivyo, na jibu lilikuwa kwenye karatasi ya maelezo: zimetengenezwa kwa titani. Bwawa la kuogelea hutiwa klorini mwaka mzima, na klorini hula chuma, titani huistahimili. Lakini kisima cha mama mdogo hakitiwi klorini. Hujazwa maji ya bomba Ijumaa, watu hubatizwa Jumapili, Jumatatu maji hubebwa kwa ndoo kwenda kumwagilia mboga. Ni maji yale yale ya kuogea nyumbani. Kwa nini basi elementi ya tangi la nyumbani isitoshe?

Nilimpigia nikamwomba vipimo. Yeye ni mshonaji, akachukua futikamba yake ya cherehani. Thredi za elementi, kwa jinsi alivyozielezea na kwa picha alizoongeza, zilikuwa inchi moja na robo, kipimo ambacho Kariakoo kimejaa. Kopo, akasema, lina sentimita 34. Nikanunua elementi tatu za chuma cha pua, wati 2,000 kila moja, urefu sentimita 30, kwa shilingi 35,000 moja. Kabla sijalipa nilizipima zote kwa mita pale pale kwenye kaunta. Ukichukua volti 230 ukazizidisha zenyewe kwa zenyewe, kisha ukagawanya kwa wati 2,000, unapata omu 26 na ushei, na mita ilisoma hivyo. Napenda kulisema hili kwa yeyote anayenunua vifaa vya namna hii: maandishi kwenye boksi yasikutoshe, pima. Nimewahi kuuziwa elementi ya wati 1,200 iliyoandikwa 2,000.

Njia ya Mbezi mpaka Mbeya wengi wanaijua, na mimi nimeipita mara kadhaa, kwa hiyo sitaisimulia. Nililala Tunduma. Pale magari makubwa yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo hujipanga kiasi kwamba mji mzima unanuka dizeli na mishikaki. Kwenye duka moja la vifaa vya umeme nilipata kitu ambacho sikutaka kuondoka bila nacho: breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, shilingi 45,000. Muuzaji aliniuliza ni ya nyumba ya ghorofa ngapi. Nilipomwambia ni ya kisima cha ubatizo, aliipangusa vumbi kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kunipa.

Asubuhi nilipanda Kosta ya Sumbawanga. Ukitokea Mbeya, Tunduma inakutaka uchague: mbele ni mpaka, kulia ni Ufipa. Tuliposhika kulia nilihisi kweli nimeanza safari, japo nilikuwa nimeshakaa kwenye basi siku nzima iliyotangulia.

Mtu wa pwani hajazoea nchi iliyo wazi kiasi kile. Sisi tumekulia chini ya minazi na miembe. Jicho likienda mbali linakutana na mti. Ufipa jicho linakwenda tu. Majani ya Julai yamekauka yakawa rangi ya simba, vilima vimelala kama mgongo wa ng'ombe, na hapa na pale doa jeusi la moto wa nyika. Nyumba za matofali ya kuchoma, nyekundu, na mbele ya karibu kila moja mahindi yameanikwa juu ya maturubai au yamerundikwa kwenye magunia. Mikokoteni ya ng'ombe ilitupisha barabarani bila haraka.

Jirani yangu kitini alikuwa mkulima wa Laela, mzee mwenye koti zito na kofia ya sufu. Ndiye aliyenionesha matuta ya mviringo mashambani, akayaita ntumba. Mvua zikikaribia kuisha, akasema, wanakata majani na kuyafukia ndani ya tuta yaoze, na msimu unaofuata tuta lile ndilo mbolea. "Mababu hawakuwa na duka la mbolea, baba. Duka lilikuwa hili." Akanieleza pia habari ya barabara. Kabla ya lami hii, ambayo ilitokana na mkataba wa mwaka 2008 kati ya Tanzania na mfuko wa MCC wa Marekani, safari ya Tunduma hadi Sumbawanga wakati wa masika ungeweza kuianza leo na usijue utafika lini. Sasa ni saa chache. Alishuka Laela na gunia la mbegu, akaniambia nimsalimie bibi nisiyemjua bado, maana nilikuwa nimeshamhadithia habari zote.

Dar nilikuwa nimetiwa hofu na hadithi za uchawi, zile ambazo kila anayetaja Sumbawanga husimuliwa. Husemwa kwamba jina lenyewe kwa Kifipa lina maana ya kutupa uchawi. Mimi naweza kusimulia nilichokiona, nacho kilikuwa mama mdogo amesimama stendi ndani ya sweta mbili, na sweta ya tatu mkononi, ya kwangu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Vaa kwanza, salamu zitasubiri."

Mji uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,800, milima ya Mbizi ikiwa jirani yake. Jioni ile tulikula ugali, maharage, na mgebuka wa Ziwa Tanganyika, nikalala chini ya mablanketi matatu nikidhani nimeshaijua baridi. Sikuwa nimeijua. Niliijua alfajiri, nilipotoka uani kutawadha. Maji ya ndoo yalikuwa yamelala nje. Nilipotia viganja, mifupa ya vidole iliuma kana kwamba imegongwa. Nilipofika kwenye kusukutua, meno yakakataa. Nilipopaka kichwa, pumzi ikanikatika. Na hayo ni maji ya kugusa viungo tu, mtu wa miaka thelathini na tisa, mzima wa afya. Nikamfikiria mtu wa miaka themanini akiingizwa humo mwili mzima na kichwa. Nilisali, kisha sikurudi kitandani. Nilichukua tochi na vifaa, nikamwamsha mama mdogo anioneshe kanisa.

Kisima kiko mbele, chini ya mbao zinazofunuliwa siku ya ubatizo. Kina ngazi nne na vigae vya bluu. Nilipima: urefu mita 2.4, upana 1.8, kina 1.2, ambayo ni kama lita 5,000. Mzee wa kanisa aliyekuja na funguo alinieleza walivyofanya mwaka uliopita hita ilipokufa. Walichemsha mapipa mawili ya lita 200 kwa kuni. Kuni zenyewe Ufipa si za kuchezea, maana nchi ni ya majani na miti ni michache. Kwa mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100 kama kwetu Tanga. Ukipiga hesabu, lita 400 za nyuzi 94 ndani ya lita 4,600 za nyuzi 16 zinakupa 22. Kazi ya usiku kucha na mzigo wa kuni, kwa nyuzi 6. "Walitetemeka," akasema mzee, "nasi tuliosimama pembeni tukaona haya."

Nilifungua kopo la hita. Thredi zilikuwa inchi moja na robo kama nilivyotarajia. Nikafunga elementi mpya ya kwanza kwenye flanji, nikaiingiza koponi, ikagonga kitu na kubaki nje sentimita tano. Ndani, karibu na mwisho, kulikuwa na bamba la kugawa maji. Mama mdogo alikuwa amepima nje, na nje ni sentimita 34 kweli. Nafasi ya ndani ilikuwa 25. Yeye alinijibu sawasawa nilichomuuliza. Swali la pili sikuliuliza. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi.

Tulizunguka maduka ya mjini, mama mdogo mbele na mimi nyuma na elementi mkononi. Tulikuta za birika, za tangi dogo la kuogea, za pasi. Zenye thredi yetu zilikuwa ndefu kama zangu au za wati 3,000. Muuza duka mmoja, baada ya kunisikiliza mpaka mwisho, aliniambia neno lililonigeuza: "Fundi, unatafuta elementi fupi. Si utafute kopo refu?"

Ndivyo nilivyofika kwa mchomeleaji. Karakana yake ni ya mabati, mbele mageti yaliyoegeshwa na majembe ya kukokotwa na ng'ombe yanayosubiri kuchongwa upya. Ni mzee wa makamo ya kwenda sabini, mikono yake ina makovu ya cheche mpaka kwenye viwiko. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakunijibu. Alichukua flanji ya hita akaigeuza, akailaza juu ya bamba la chuma, akachora mzingo wake kwa chokaa, kisha akatia chokaa ndani ya kila tundu la boliti, moja moja, yote sita, akiishikilia flanji kwa kiganja cha kushoto isisogee hata unywele. Alipoiinua, bamba lilikuwa na picha kamili. "Tutaweka kola," akasema.

Kola ni kipande cha bomba nene la chuma, sentimita saba, chenye flanji juu na flanji chini. Kinakaa kati ya kopo na mfuniko wake, na hapo ndani unapata nafasi mpya. Alikata, akatoboa, akachomelea. Nilimwomba achomelee nje na ndani, kwa sababu maji ya pampu hutafuta tundu dogo kuliko sindano. Chuma kile ni cha kawaida, kitapata kutu, na nilimwambia mzee wa kanisa bila kumficha kwamba kila mwaka wakifungue, wakikwangue na kukipaka rangi upya. Bei ya kazi ilikuwa shilingi 15,000. Alhamisi jioni kola ilikuwa inapoa kwenye mchanga.

Ijumaa asubuhi nilijishughulisha na swali ambalo kwangu ni kubwa kuliko elementi zenyewe: zile za kwanza zilikufa kwa nini? Nikifunga mpya bila kujua, nitakuwa nimewachangisha watu bure. Jibu nililipata kwenye swichi ndogo ya mkondo. Hita nyingi za bwawa huwa nayo: kijibao ndani ya bomba ambacho maji yakitembea hukisukuma, na kikisukumwa ndipo umeme unaruhusiwa kufika kwenye elementi. Nyaya zake mbili zilikuwa zimeunganishwa moja kwa nyingine na kufungwa tepu nyeusi. Aliyefanya hivyo alitaka hita iwake tu. Kisha siku moja pampu ilikwama, maji yakasimama, na elementi zikaendelea kuwaka ndani ya maji yaliyogeuka mvuke. Elementi isiyo na maji ya kuipoza hufa kwa dakika chache. Nilifungua ile tepu, nikasafisha kijibao, nikarudisha nyaya mahali pake. Nikawasha pampu, nikafunga koki polepole huku sikio liko kwenye bomba. Mkondo ulipopungua, swichi ikalia tik, na taa yangu ya majaribio ikazima. Nikafungua koki: tik, ikawaka. Nililirudia jambo hilo mara saba, na mara ya mwisho nilimwachia mzee wa kanisa alifanye mwenyewe.

La pili lilikuwa waya. Elementi tatu za wati 2,000 ni wati 6,000, na kwa umeme wa fezi moja wa kanisa hiyo ni ampea 26. Waya uliokuwapo ni wa milimita mbili na nusu, na ncha zake zilikuwa zimeungua rangi ya kahawia. Kubadili waya wote fedha haikuruhusu. Nikaamua tufunge elementi mbili tu, wati 4,000, ampea 17 na kidogo, mzigo ambao waya ule unaubeba bila kulia. Tundu la tatu nikaliziba kwa plagi ya bomba, na elementi ya tatu nikaifunga kwenye gazeti, iwe akiba ya kanisa. Nilikata ncha zilizoungua, nikafunga breka ya Tunduma, nikahakikisha nondo ya ethi imeshika ardhini na si kwenye kifusi. Gasketi nilizikata mwenyewe kwenye shiti la mpira. Hesabu ya vifaa na kazi ilifika laki moja na themanini, shilingi haikubaki.

Nilikwenda kusali Ijumaa, nikarudi tukajaza maji. Saa kumi na mbili jioni kipimajoto kilisoma nyuzi 16. Nikawasha.

Akina mama wa kwaya walikuwa wameshanunua LUKU ya shilingi 45,000. Mmoja wao alitaka kujua kwa nini nyingi hivyo, na alistahili jibu. Kupasha lita 5,000 kwa nyuzi 14 kunahitaji uniti 81 kama hakuna hata chembe ya joto inayopotea, na joto hupotea, kwenye zege na hewani. Uniti moja pamoja na kodi ilikuwa takriban shilingi 356. Nikawaonesha namna ya kuzuia hasara: joto la maji hutorokea juu. Mama mdogo alikwenda nyumbani akarudi na turubai lake la kuanikia mahindi, mahindi akayahamishia sakafuni sebuleni. Tukalitandaza juu ya maji lenyewe, likagusana nayo, tukaongeza mablanketi mawili juu.

Usiku nilipima volti: 205 badala ya 230. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nguvu ya elementi hushuka kwa mraba wa volti, hivyo wati 4,000 zangu zilikuwa kama 3,200. Mkoa huu kwa miaka mingi umeletewa umeme kutoka Zambia kupitia Mbala, na njia kubwa ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ndiyo iliyokuwa ikitarajiwa kuuunga na gridi ya taifa. Nilikaa macho mpaka saa saba. Volti zilipopanda watu walipolala, nikalala na mimi. Jumamosi asubuhi: nyuzi 22. Tulikuwa tumefika kule kuni zilikoishia, na hakuna mti uliokatwa.

Siku hiyo mchomeleaji alikuja kuangalia kola yake. Haikuvuja. Aliipapasa pande zote, akaniuliza kama nimewahi kuona ilungu, tanuru la kuyeyushia chuma la Wafipa wa zamani. Tukapanda bodaboda mbili mpaka nje ya mji, tukashuka kwa miguu kupita shamba lililovunwa. Lilikuwa limebaki nusu: ukuta wa udongo wa kichuguu uliochomwa ukawa mgumu na mwekundu, unanifika kifuani, na chini yake matundu. Kuzunguka, mawe meusi mazito yenye vipovu, takataka za chuma. Malungu yalipokuwa mazima, akasema, yalimpita mtu kimo mara mbili hivi. Yalijazwa mkaa na mawe ya chuma, na hayakuvukutwa. Urefu wenyewe na matundu ya chini yalitosha kuvuta upepo. Chuma kilichotoka kilipelekwa kwenye tanuru dogo, ambalo ndilo lilikuwa na mivukuto, kikasafishwa mpaka kikafaa kwa jembe. Tanuru jipya lilipambwa kama bibi harusi, na fundi mkuu alikuwa kama mume wake. Kazi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, majembe ya dukani yalipoenea. Mtafiti wa Norway, Randi Barndon, alichapisha mwaka 2004 kitabu kuhusu uyeyushaji wa chuma wa Wapangwa na Wafipa. Mzee hakihitaji, babu yake alikuwa mtu wa malungu.

Niliinama nikatia mkono kwenye tundu moja. Ulipita mpaka kwenye bega. Nilikuwa nimehangaika siku mbili na pampu na swichi kwa sababu hita yangu haiwezi kujivutia maji. Ikiachwa peke yake inajiua. Watu hawa walijenga kitu kirefu cha udongo kikavuta pumzi yake chenyewe usiku na mchana mpaka jiwe likayeyuka. Nimesoma umeme miaka mitatu na sikuwahi kuambiwa kwamba nchini mwangu palikuwa na mafundi wa joto wa kiwango hicho. Jambo hilo liliniuma pale shambani, na linaniuma bado.

Tuliporudi kanisani saa sita, pampu ilikuwa kimya. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tano. Mama mdogo ameketi kwenye ngazi ya kisima na shali mabegani kama mtu anayelinda mgonjwa. Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kuongeza mablanketi. Waumini walileta yao bila kuombwa, yalifika manane. Umeme ulirudi saa kumi jioni. Kipimajoto, ambacho niliogopa kukitazama, kilikuwa kimeshuka nusu nyuzi tu, kutoka 24.

Niliamka mara tatu usiku huo. Jumapili saa kumi na mbili alfajiri maji yalikuwa nyuzi 29 na nusu, na mita ilionesha tumetumia uniti 118. Uani, ndoo yangu ya kutawadhia ilikuwa baridi kama siku ya kwanza, lakini mama mdogo alikuwa ameweka pembeni yake birika la moto na kikombe.

Kabla ya ibada nilizima hita, nikazima pampu, kisha nikachomoa fyuzi ya laini ile nikaitia mfukoni. Breka ya kuvuja ninaiamini, lakini panapokuwa na watu ndani ya maji sitaki umeme uwe karibu kwa namna yoyote ile. Niliketi benchi la nyuma, mlangoni. Bibi alikuwa wa nne. Alishikwa mikono na wajukuu wawili, akiwa na kanzu nyeupe na kitambaa kichwani. Kwenye ngazi ya kwanza alisimama, akanyoosha mguu, akagusa maji kwa kidole gumba akiwa amefumba macho na kukaza mabega. Akafumbua. Akautia mguu wote. Akamgeukia mchungaji, na kanisa zima lilimsikia: "Haya maji, nani kayapika?"

Mtu wa kumi na mmoja alipokwisha kutoka na kujifunga blanketi, nilimpa mzee wa kanisa ile fyuzi mkononi.